Maestro Inapong'oka Kwenye Kadi

Ndugu zetu walioko Ujerumani, Uholanzi na Austria wamekuwa wakipokea bahasha za benki zenye kadi mpya ambazo hawakuziomba. Akaunti ni ileile na salio ni lilelile, ila nembo ya Maestro, yale maduara mawili, moja jekundu na jingine la bluu, haipo tena. Mahali pake pamewekwa Mastercard ya debiti au Visa ya debiti.

Uamuzi haukuanzia kwenye benki. Benki hutunza fedha. Njia ambazo fedha hizo hupitia mtu anapochanja kadi dukani ni mali ya kampuni ya mtandao wa malipo, na ndiyo inayoamua njia ipi ifungwe. Oktoba 2021 Mastercard, mwenye Maestro, ilitangaza kwamba kuanzia Julai 1, 2023 benki za Ulaya hazitatoa tena kadi hizo. Zilizotoka kabla ya tarehe hiyo zinaendelea kutumika mpaka muda wake uishe. Visa nayo inaiondoa kadi yake ya aina hiyo, V Pay.

Maestro ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, enzi ambayo kazi ya kadi ilikuwa kutoa fedha kwenye ATM na kulipa kaunta kwa namba ya siri. Kabla ya kila malipo, benki iliulizwa kwanza. Salio lisipotosha, mashine inakataa hapohapo. Intaneti ilipogeuka soko, kasoro ikajitokeza: kadi nyingi za Maestro hazikuwa na namba ya tarakimu 16 wala zile tarakimu tatu za nyuma ambazo duka la mtandaoni linazidai. Mholanzi hakuumia sana, kwa kuwa alinunua kwa iDEAL, inayotoa fedha moja kwa moja kwenye akaunti. Aliyeumia ni aliyetaka kulipia tiketi ya ndege au hoteli nje ya nchi. V Pay ilikuwa na ufinyu zaidi, maana ilitengenezwa kwa ajili ya Ulaya. Ukishuka nayo Mombasa, usiitegemee.

Wapo wanaoshuku kwamba kwa kubadilisha kadi benki zinatafuta kamisheni nono. Kwa hilo nadhani wanakosea. Tangu 2015 sheria ya Umoja wa Ulaya imeweka kikomo cha asilimia 0.2 kwa ada ambayo benki iliyotoa kadi ya debiti hupata katika kila malipo ya mteja wa kawaida, iwe Maestro au nyingine. Ada zinazokwenda kwa kampuni ya mtandao hazimo ndani ya kikomo hicho, na huko ndiko malalamiko ya wenye maduka yanakoelekea.

Ujerumani mambo yamechanganyika zaidi. Huko wana girocard, kadi ya ndani ambayo wazee bado wanaiita EC, na Maestro iliwekwa juu yake ili ifanye kazi nje ya mipaka. Baadhi ya benki sasa zinatoa Visa ya debiti bure na kuitoza girocard ada ya kila mwezi. Kabla ya kuikataa girocard, kumbuka maduka madogo na ofisi ambazo hazipokei kadi nyingine.

Jambo linalosemwa kwa sauti ndogo ni usalama. Kadi isiyo na namba ya kununulia mtandaoni haimpi mwizi cha kunakili ili anunue mtandaoni. Kadi mpya ina namba hizo, hivyo picha moja tu ya kadi inaweza kuwa mwanzo wa wizi. Sheria za Ulaya hudai uthibitisho wa ziada, mara nyingi kwenye programu ya simu, ila duka lililoko nje ya Ulaya huenda lisiuulize. Zima malipo ya mtandaoni kwenye programu ya benki kama huyatumii, na uweke kikomo cha siku.

Kisha kuna fedha zinazozuiwa. Hoteli, kampuni ya kukodisha magari au pampu ya mafuta ya kujihudumia huweza kushikilia kiasi fulani kama dhamana. Kwa kadi ya mkopo kinachoshikwa ni nafasi ya kukopa. Kwa debiti ni fedha zako mwenyewe, pengine kodi ya nyumba, na huweza kukaa siku kadhaa kabla ya kuachiwa. Baadhi ya kampuni za kukodisha magari huikataa kadi yenye neno debiti usoni, hata ikiwa na nembo ya Mastercard. Muulize wakala kabla hujalipia gari.