Fedha za Umma na Watu Wazima Wanaojifunza Lugha ya Ishara

Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Uchunguzi uliofanywa Marekani uliwakuta kuwa zaidi ya 90%. Hivyo mzazi ndiye anayelazimika kujifunza lugha ya ishara ili azungumze na mwanawe. Nyuma yake wanafuata mwalimu, muuguzi, polisi na hakimu. Hapo ndipo linapozuka suala la fedha: nani amlipe anayewafundisha watu wazima hao?

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Kifungu cha 24 kinazitaka serikali zirahisishe ujifunzaji wa lugha ya ishara na kuwafungulia watu wenye ulemavu elimu ya watu wazima. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ikafuata, kulinda haki zao nchini. Katiba ya 2006, kifungu cha 204, inayakabidhi majimbo elimu maalumu na kisomo cha raia, kwa kanuni za serikali kuu. Kwa Haut-Lomami, kwa mfano, jimbo tangu 2015, jukumu hilo liko Kamina, makao ya gavana na bunge la jimbo.

Kifungu cha 175 cha Katiba hiyo kinayapa majimbo 40% ya mapato ya taifa, yakatwe yanapokusanywa. Kwa vitendo, fedha hizo hupitia Kinshasa kwanza, na majimbo hupokea pungufu. Penye upungufu, kazi isiyo na fungu katika bajeti huachwa mapema. Elimu ya viziwi nayo imeegemea makanisa na wafadhili tangu Andrew Foster, mmishonari kiziwi kutoka Marekani, alipofungua shule Ghana mwaka 1957 na baadaye kueneza shule zake hadi Kongo.

Kwingineko serikali hulipa. Sweden huwapa wazazi wa watoto viziwi hadi saa 240 za masomo ya lugha ya ishara.

Gharama kubwa ya masomo haya ni ujira wa walimu, na walimu wanaofaa zaidi ni viziwi wenyewe. Fungu dogo la kila mwaka katika bajeti ya jimbo lingewapa wao kazi, na kuwapa wazazi lugha ya kuwalelea watoto wao. Haki bila fungu hubaki maandishi.