Pikapu ikigoma kuwaka mpakani, pima umeme kabla ya kununua koili

NAMANGA. MFANYABIASHARA anayetoa vitunguu Mang'ola, wilayani Karatu, kwenda kuuza Kenya huwa na hesabu zake kichwani: bei ya shambani, idadi ya magunia, mafuta na ushuru. Kisichokuwamo kwenye hesabu hizo ni asubuhi ambayo karatasi zimekamilika, turubai limefungwa, ufunguo unazungushwa na pikapu haiwaki.

Kituo cha pamoja cha forodha cha Namanga kilizinduliwa Desemba 2018 ili msafiri ahudumiwe na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja na kuokoa muda. Muda huo hupotea wote gari likigoma, hasa kama mzigo ni nyanya.

Kinachofuata kinajulikana katika kila mpaka wa Afrika Mashariki. Fundi anaitwa, koili inabadilishwa. Gari halijawaka, zinanunuliwa plagi. Bado, inanunuliwa betri. Jioni inagundulika kwamba waya mmoja ulikuwa umelegea. Kwa anayetumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, ambacho ni kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, vipuri vitatu vilivyonunuliwa kwa kubahatisha vinatosha kula faida ya safari nzima. Kadi ya Njano ya COMESA nayo haimsaidii hapo, kwa kuwa ni bima ya madhara yanayowapata watu wengine katika ajali.

Sikiliza kabla ya kumwita fundi

Dereva asiyejua ufundi anaweza kuokoa nusu ya kazi akieleza alichosikia, badala ya kutaja kipuri anachokidhania.

Ufunguo ukizungushwa na pakawa kimya kabisa, hata taa za dashibodi haziwaki, kwanza zikaguliwe betri na vichwa vyake. Ukisikika mlio mmoja mkavu, “ta!”, na taa zikafifia, betri ni dhaifu au vichwa vyake vina kutu. Betri nzima iliyojaa husoma takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Ikisoma chini ya 12, ichajiwe kwanza ndipo mengine yapimwe.

Stata ikizungusha injini kwa nguvu lakini injini haishiki, betri haina kosa. Hapo ndipo wengi hukimbilia kununua koili.

Fuata njia ya umeme

Katika pikapu za petroli za mtindo wa zamani, umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi na swichi ya ufunguo, hufika kwenye koili inayoupandisha hadi maelfu ya volti, kisha distribyuta huugawa kwenye plagi ili zitoe cheche. Ukikatika popote, injini haiwaki.

Kipimo cha kuanzia ni taa ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili. Waya mmoja unashikizwa kwenye chuma kitupu cha injini, wa pili unaguswa upande wa chanya wa koili, ufunguo ukiwa umewashwa. Taa ikiwaka, umeme unafika. Tatizo litafutwe kwenye koili yenyewe, distribyuta au plagi. Isipowaka, koili mpya haitasaidia. Tatizo liko nyuma yake: fyuzi, swichi au maungio ya nyaya.

Maungio hayo yaangaliwe kwa makini kwenye magari yaliyofungwa king'ora au swichi ya siri ya kuzuia wezi. Mara nyingi waya wa swichi ya ufunguo hukatwa na kuungwa kwa mkono, ukazungushiwa utepe tu. Mtikisiko wa barabara ya vumbi hulegeza ungio hilo. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zilezile. Ukiweka waya badala yake, hitilafu ndogo inaweza kuwa moto.

Inashika, kisha inazima

Kuna dalili moja inayowagharimu wengi. Injini inashika stata inapozunguka, lakini ufunguo ukiachiwa tu, inazima. Katika baadhi ya pikapu za zamani, koili hupata umeme wote wa betri wakati wa kupiga stata, na baada ya hapo huupata kupitia rezista inayoupunguza. Rezista ikikatika, au sehemu hiyo ya swichi ikichakaa, injini huzima papo hapo huku koili ikiwa nzima.

Fundi mwenye haraka huunga waya kutoka betri moja kwa moja hadi koili. Gari litawaka, lakini koili itapata joto kupita kiasi na inaweza kuungua njiani, na ufunguo hautazima injini tena.

Pikapu ya dizeli haina koili wala plagi za cheche. Kwenye pampu nyingi za zamani kuna valvu inayofunguliwa kwa umeme wa swichi ili mafuta yapite. Waya wake ukichomoka, stata itazunguka bure. Magari mapya yenye kompyuta yapimwe kwa mita na mashine ya kusoma hitilafu, kwa sababu taa ya kupimia inaweza kuharibu kompyuta hiyo.

Kupima cheche aachiwe fundi. Waya wa plagi haushikwi kwa mkono, na mvuke wa petroli huwaka kwa cheche moja.

Mwenye mzigo ana swali moja la kumuuliza fundi kabla hajatoa pesa: “Umepima wapi, na umeme umeishia wapi?” Fundi asiyeweza kuonyesha mahali hapo kwa kidole hajafikia hatua ya kumtuma mtu dukani.