Mwenye nyumba ajue njia za maji yake

Anayejenga nyumba Dar es Salaam, Arusha au Mbeya huhesabu kila mfuko wa saruji na kila nondo, lakini siku ya kuhamia ni wachache wanaoweza kusema bomba la jikoni limepita ukuta gani, au koki ya kufunga maji ya choo cha wageni iko wapi. Mabomba yameshafukiwa, ukuta umepigwa plasta na rangi, na fundi ameondoka na ramani nzima kichwani mwake. Tangu hapo mfumo wa maji husahauliwa mpaka siku unapopasuka. Kodi ya jengo hatuwezi kuisahau kwa sababu inakatwa tunaponunua umeme wa LUKU. Matunzo ya mabomba hayana wa kutukumbusha, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Kukagua mabomba, matangi na hita mara mbili kwa mwaka, yawe yameharibika au la, ni wajibu wa kila anayejiita mwenye nyumba, na hesabu zenyewe zinauthibitisha.

Tuanze na kile kinachodharauliwa kuliko vyote, yaani tone. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza takribani lita 20 kwa siku, ndoo nzima. Kwa mwaka ni zaidi ya lita 7,000, zinazotosha kujaza tangi la lita 1,000 mara saba. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lita 25 kwa siku kuwa kiwango cha msingi cha mtu mmoja kijijini; kwa hiyo bomba moja bovu hunywa karibu mgawo wa binadamu mzima. Mara nyingi chanzo chake ni washa ya mpira iliyolika, kifaa kidogo kinachopatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Tangi la choo ni baya zaidi kwa sababu huvuja kimyakimya, maji yakiteleza ukutani mwa bakuli bila sauti, na linaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku. Kulibaini ni rahisi: tia rangi ya chakula kwenye tangi, subiri nusu saa bila kuvuta maji, kisha tazama bakuli. Rangi ikionekana humo, mpira wa kuzibia umechoka. Kwa nyumba nzima, funga mabomba yote, soma mita, na uisome tena baada ya saa mbili. Tarakimu zikisogea wakati hakuna tangi linalojaa, kuna mahali maji yanapita bila idhini yako, na bili ni yako.

Katika miji yetu tatizo hili huongezwa na mgawo wa maji. Mwishoni mwa mwaka 2021, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka, wakazi wa Dar es Salaam walikumbushwa jinsi maisha yao yanavyotegemea tangi la uani. Lakini mgawo una athari nyingine isiyoonekana. Presha inapoondoka kwenye bomba, ufa uliokuwa unatoa maji unaweza kugeuka na kuvuta ndani maji machafu yanayouzunguka. Maji yanaporudi kwa nguvu yakisukuma hewa mbele yake, maungio dhaifu ndiyo hupigwa kwanza. Hivyo bomba linalovuja chini ya ardhi si suala la bili peke yake, bali la afya. Tangi nalo linadai jicho. Boya likikwama, maji hufurika usiku kucha. Mfuniko ukikosekana, au bomba la kufurikia likiachwa bila wavu, mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hupata mazalia kwenye maji safi tuliyoyahifadhi kwa ajili yetu wenyewe. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Mfuniko wa tangi ni kinga sawa na chandarua, maana mbu huyu huuma mchana, saa ambazo chandarua kimekunjwa.

Kwa wakazi wa Njombe, Lushoto au Arusha, ambako Juni na Julai hakuna anayeoga maji ya bomba kwa hiari, jambo zito zaidi ni hita. Hita ya lita 50 inapopasha maji kutoka nyuzi joto 20 hadi 60, maji hayo hutanuka kwa karibu robo tatu ya lita. Ziada hiyo lazima ipate pa kutokea, na kwenye hita nyingi hutokea kwenye valvu ndogo ya usalama iliyofungwa pale maji baridi yanapoingilia. Ndiyo maana valvu hiyo hudondosha wakati hita inafanya kazi. Mwenye nyumba asiyejua huona kuvuja, huita mtu, na valvu inazibwa. Kuanzia saa hiyo usalama wa familia unategemea themostati peke yake. Siku itakapogoma kuzima, maji yatapita nyuzi 100 ndani ya chombo kisicho na pa kupumulia, na tangi linaweza kulipuka. Valvu ikidondosha hata hita ikiwa imezimwa na kupoa, hapo ndipo pa kuibadilisha, si kuiziba. Ndani ya tangi la hita pia huwa kuna ufito wa magnesiamu uliowekwa makusudi uliwe na kutu badala ya chuma. Ukiisha, kutu huanza kula tangi lenyewe. Kwa watumiaji wa shawa za umeme, swali la kwanza si maji yanachemka haraka kiasi gani, bali waya wa ethi umefungwa au la, na kama kuna swichi ya kukata umeme unapovuja, ile yenye kitufe cha kujaribia kinachopaswa kubonyezwa kila mwezi.

Wapo watakaosema kwamba kifaa kisichoharibika hakihitaji fundi, na kwamba fedha hazitoshi hata kwa kilichokwisha kuharibika. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama ukaguzi ungekuwa wa gharama. Kusoma mita, kutia rangi kwenye tangi la choo na kutazama mfuniko hakuna malipo. Kinachogharimu ni kubomoa ukuta wenye vigae kutafuta bomba ambalo hakuna ajuaye lilipo. Wengine hutegemea mabomba ya plastiki ya PPR kwa kuwa hayashiki kutu. Kweli hayashiki, lakini yakiachwa juani huchakaa, na maungio yake na vifaa vya chuma huweza kuvuja, hasa kwenye nyumba za pwani zinazotumia maji ya kisima yenye chumvi. Wapo pia wanaouliza kwa nini wajisumbue na tone wakati maji yanamwagika barabarani siku tatu bila mamlaka kufika. Lawama hiyo ni ya haki na mamlaka zinapaswa kuijibu. Hata hivyo, maji yaliyovuja kabla ya mita ni hasara ya mamlaka. Yaliyovuja baada ya mita yanalipwa na wewe. Ubovu wa upande ule haupunguzi bili ya upande huu.

Kwa anayejenga sasa, usimlipe fundi awamu ya mwisho kabla hajakupa mchoro wa mabomba, na piga picha za kila ukuta kabla ya plasta. Dai koki ya kufungia kwenye kila choo na kila sinki. Kwa aliyekwisha kuhamia, chagua tarehe mbili za mwaka, moja kabla ya masika na nyingine baada ya baridi, uzishike kama unavyoshika ada za shule. Mpangaji naye amjulishe mwenye nyumba mapema, kwa maandishi. Na kila mtu mzima ndani ya nyumba, pamoja na dada wa kazi, aonyeshwe koki kuu na namna ya kuifunga. Anza leo: nenda kaitafute, na ukikuta imeganda, ilegezwe au ibadilishwe kabla hujaihitaji.