Konferansi ya historia, na nkambo yangu aliyekaa nyuma



Siku moja nilipeleka nkambo yangu, mama ya mama, kwenye konferansi moja juu ya historia ya mji wetu wa Lubumbashi. Watu walikuwa wengi, viti vilijaa mpaka mlangoni. Mwenye kusema alisema vizuri sana, tena kwa Kifaransa cha juu. Nyuma ya dakika makumi mbili nkambo akaniuliza kwa sauti ya chini: «Banasema nini?» Nikamujibu: banasema juu ya mugomo ya 1941. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: «Aa, ile ya ku uwanja ya mpira? Baba yangu alikuwaka pale.»

Katika chumba kile chote, pengine ni yeye peke yake aliyekuwa na habari hiyo kutoka nyumbani kwao. Hakuna aliyemuuliza kitu. Hata mimi, kusema kweli, nilikuwa nimemupeleka juu asikilize, si juu aseme.

Kwa wale wasiojua, nieleze kwanza mugomo wenyewe. Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya dunia. Shaba ya Katanga ilihitajika sana, kazi ikaongezeka, bei za vitu zikapanda, lakini mishahara ya wafanyakazi weusi wa Union Minière haikufuata. Mwezi wa 12 mwaka 1941 wakasimamisha kazi, huku Elisabethville na pia Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Tarehe 9 watu walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alikuja. Askari wakapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesemea wenzake, aliuawa pale. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo: ya serikali ni moja, ile ya familia ni ingine, kubwa zaidi.

Ubishi huo usitutishe. Njo kazi yenyewe ya konferansi mbele ya watu. Kitabu kinakuambia hesabu fulani halafu unakifunga. Katika mkutano, mzee anaweza kunyoosha mkono na kusema: hapana, ku kartie yetu peke tulizika hawa na hawa. Hapo mwalimu anarudi kwenye makaratasi yake na swali mpya. Si kila kitu mzee anasema ni sawasawa (mtu anaweza kuchanganya mwaka, ama kuweka yale aliyosikia pamoja na yale aliyoona), lakini makaratasi ya wakoloni nayo yaliandikwa na watu wenye sababu zao.

Tena tusidanganyane kwamba historia haiwezi kusemwa kwa Kiswahili chetu. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa jina la waliokuwa boyi, wale waliopika na kufua katika nyumba za wazungu. Inaitwa «Vocabulaire de ville de Elisabethville». Kichwa ni cha Kifaransa, lakini ndani ni Kiswahili cha hapa hapa, kama vile watu wanaongea. Johannes Fabian aliitoa tena mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kwa hiyo wasomi wa mbali waliisoma. Ni wangapi kati yetu, tulio na diplome ukutani, tumeisoma? Tshibumba Kanda Matulu naye, miaka ya 1973 na 1974, alichora historia ya inchi yetu katika picha karibu mia moja, na alizieleza kwa Kiswahili, moja kwa moja.

Na kwenye iniversite yetu kazi hii haikulala. Tangu mwaka 2000 mradi wa «Mémoires de Lubumbashi», pamoja na profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, ulikusanya ushuhuda wa watu wa kawaida na vitu vya nyumbani, ukavionyesha watu wavione. Mtu aliingia akakuta sufuria kama ya mama yake. Hapo mudomo unafunguka wenyewe.

Kwa hiyo ningependa konferansi zetu zianze na kitu cha kushika ama neno la kila siku. Leta musalaba wa shaba. Kila mtoto wa Katanga ameuona kwenye picha, lakini wachache wanajua kwamba kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbaji waliikuta ndani ya makaburi ya zamani, na kwamba kadiri karne zilivyopita misalaba ilizidi kuwa midogo na kufanana. Kufanana huko njo kunaonyesha imekuwa feza: kitu cha kuhesabu, si tena cha fahari peke. Watu walikuwa na feza yao hapa mbele ya treni kufika mwaka 1910.

Ama chukua neno. Kwa nini sisi tunaita Jumamosi «siku ya posho»? Posho ni chakula ambacho kampuni ilimupimia mfanyakazi na familia yake, kwa juma. Kampuni iliingia mpaka ndani ya kalenda yetu, na hatuisikii tena. Uliza swali hilo kule Kenya ama Katuba, kwa Kiswahili, saa ya magaribi wakati watu wametoka kazini, utaona kama viti vinatosha.

Shida ingine ni kurekodi. Tunarekodi mwenye kusema, tunazima wakati maswali yanaanza. Ingefaa tufanye kinyume, tena familia ya mzee ipewe sauti yake kwenye telefone yao, isibaki kwetu peke.

Tuliporudi nyumbani nilimuuliza nkambo juu ya baba yake. Alisema kwamba siku ile alirudi bila viatu, na mama yao akawakataza watoto kumuuliza. Nilirekodi dakika saba, kisha telefone ikazima. Siku ya posho ninarudi kwake, na chaji.