Shimo la Jicho Halibaki Tupu

Mzazi wa Bodo aonapo mboni ya mwanawe inang'aa nyeupe kama jicho la paka usiku, yampasa ampeleke mtoto bila kukawia Hospitali ya Msambweni, au Kituo cha Macho cha Kwale kilichoanzishwa mwaka 1993. Huenda ikawa ni kansa ya jicho, ambayo huwapata watoto wadogo. Pengine daktari atasema kwamba jicho halina budi kutolewa. Hapo baadhi ya wazazi humchukua mtoto wakarudi naye nyumbani, wakihofia kwamba atabaki na shimo usoni. Na kansa ikiachwa hufuata mshipa wa jicho hata ubongoni, ikaua.

Kumbe shimo hilo hujazwa. Mwaka 1884 daktari Mules wa Manchester, Uingereza, alitia gololi ya kioo ndani ya jicho lililokombwa. Siku hizi gololi nyingi ni za plastiki au silikoni, na upana wake aghalabu ni milimita 18 hadi 22. Daktari huizika ndani, akaifunika kwa misuli ya jicho na utando wake hata isionekane. Jicho la bandia huvikwa juu yake baada ya majuma 6 hadi 8. Hilo si la mviringo, kama watu wadhanivyo, bali ni mfano wa kombe dogo, nalo hugeuka kidogo pamoja na jicho zima.

Iko gololi nyingine ambayo wavuvi wataistaajabia, kwani hufanywa kwa tumbawe la bahari. Tumbawe hupikwa kwa dawa na moto hata likawa madini yafananayo na mfupa; vitundu vyake hubaki, na mishipa ya damu huota ndani yake. Marekani iliikubali mwaka 1989. Bei yake ni kubwa, na ya plastiki hufanya kazi vyema.

Kwa mtoto mdogo, madaktari wengine hupendelea kipande cha shahamu kilichokatwa takoni pamoja na ngozi yake ya ndani. Hicho ni mwili wake mwenyewe, nacho huweza kukua pamoja naye, ambapo shimo tupu huizuia mifupa ya uso kukua sawasawa.

Na yule aliyeachwa miaka mingi, hata shimo likajikunja na jicho la bandia lisikae? Huyo hukatwa utando laini wa ndani ya mdomo, ukashonwa shimoni kulipanua, na kidonda cha mdomoni hupona chenyewe.