Watoto Wacheze Wapi Wakati wa Likizo?

Shule zinapofungwa mwezi wa Juni kijiji hubadilika. Wazazi wanakwenda shambani kuvuna, na watoto waliokuwa wakishinda darasani wanabaki nyumbani. Saa tatu asubuhi wamekwisha teka maji na kufagia uwanja. Saa nne wanaanza kuzurura. Saa sita, jua likiwa kali, utawakuta wapi? Mara nyingi utawakuta majini: lamboni, mtoni, au kwenye shimo lililochimbwa na wafyatua matofali, likajaa maji ya masika na hakuna aliyelifukia.

Wazazi wengi huogopa nyoka, au mtoto kuanguka kutoka juu ya mwembe. Mambo hayo hutokea kweli. Lakini maji huua kimya kimya. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Tisa katika kila kumi walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Usidhani kwamba mtoto anayezama atapiga kelele nawe utasikia. Kinywa kikiwa majini hakitoi sauti. Mtoto anayeanza kutembea anaweza kufa hata ndani ya ndoo, akiinama na kushindwa kujiinua.

Tutafanyaje basi? Wako wanaotoa amri tu: "Asiende mtu mtoni!" Kisha wanachukua jembe na kuondoka. Amri hiyo haifiki saa sita. Mtoto hawezi kukaa bure mchana kutwa, mwili wake wenyewe unamkataza. Ukimfungia njia moja bila kumwonyesha nyingine, ataitafuta mwenyewe. Kinachohitajika ni vitu viwili: mahali pa kuchezea, na mtu mzima wa kuangalia.

Wazee wengine watasema mchezo ni uvivu. Sivyo. Mtoto anapokimbia na kuruka, mifupa yake inakuwa imara, na moyo na mapafu yake yanapata nguvu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 autumie mwili wake kwa nguvu wastani wa dakika 60 kila siku, na wadogo wa mwaka mmoja hadi minne wachangamke kwa saa tatu, zikigawanywa katika siku nzima. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, unautaja mchezo katika kifungu cha 31 kuwa ni haki ya mtoto.

Haki hiyo ni ya watoto wote, na hapa inafaa tuseme wazi. Katika nyumba nyingi likizo ni ya wavulana. Msichana anateka maji, anatwanga, anapika, na jioni anambeba mdogo wake mgongoni huku akitazama wenzake wakicheza. Mtu akiuliza, tunajibu kwamba yeye amekwisha fanya mazoezi kwa kubeba ndoo! Kazi ya nyumbani ni malezi mazuri ikiwa ya kiasi na ikigawanywa kwa wote. Kaka yake naye ana mikono.

Sasa tuje kwenye mahali penyewe. Chagueni uwanja ulio mbali na maji na barabara, wenye mti wa kivuli, na ulio karibu na choo. Fyekeni nyasi. Okoteni chupa zilizovunjika, misumari na mabati yenye kutu. Fukieni mashimo yaliyo karibu. Kisima kisichofukiwa kiwekewe mfuniko mzito ambao mtoto hawezi kuuinua. Wekeni ndoo ya maji safi ya kunywa yenye mfuniko, pamoja na maji na sabuni ya kunawia. Kazi yote hiyo ni ya asubuhi moja, watu kumi wakijitokeza, na mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuiitisha.

Mtu wa kuangalia ndiye mgumu kumpata, maana likizo ya Juni imeangukia wakati wa mavuno. Hapa tunaweza kujifunza kwa wenzetu wa Bangladesh, nchi yenye mito na madimbwi kila upande. Huko iligundulika kwamba watoto wadogo wengi hufa maji asubuhi, mama wakiwa kazini. Zikaanzishwa nyumba za kulelea watoto vijijini, ambamo mwanamke wa kijiji hukaa na watoto wa majirani saa hizo za hatari, na vifo vya watoto hao vikapungua sana. Sisi hatuna haja ya kungoja nyumba ijengwe. Kaya tano au sita zilizo jirani zipange zamu, na kila kaya itoe mtu mzima kwa siku moja katika juma. Bibi asiyeweza tena kushika jembe anaweza kukaa chini ya mwembe na kuona kila kitu, ila awepo kijana wa kukimbia kwa niaba yake. Mtoto wa miaka minane asifanywe mlinzi wa wenziwe. Huyo naye ni wa kulindwa.

Watoto wakipata uwanja na mlinzi, michezo wanayo wenyewe. Kazi yetu ni kuwapa nafasi na vifaa kidogo. Rede haitaki gharama: wawili husimama pande mbili wakirusha mpira wa makaratasi au matambara, na wa katikati hukwepa huku akijaza mchanga ndani ya chupa. Ni mbio, ni kuruka, ni kulenga, na macho hayalali. Hakikisheni tu chupa hiyo ni ya plastiki. Kombolela hukimbiza watoto wa rika zote pamoja. Kamba ya katani inatosha kurukiwa na kumi kwa zamu, na wavulana wanaodhani kuruka kamba ni mchezo wa wasichana waambiwe wajaribu mara mia moja bila kupumzika, kisha waseme.

Jua likiwa utosini, waleteni kivulini. Wacheze mdako, wafinyange ng'ombe wa udongo, watengeneze magari ya mabua. Bao nalo linafaa sana. Chimbeni mashimo 32 ardhini katika mistari minne na mtafute kete 64, komwe au mawe madogo. Mtoto anayelijua bao anahesabu mbele hatua nyingi kabla ya kugusa kete, na hesabu hiyo ataikuta darasani. Kwa wadogo anzeni na mistari miwili. Komwe zisiachwe mbele ya mtoto chini ya miaka mitatu, kwani atazitia kinywani na kusakamwa.

Usisahau chakula. Anayecheza anatumia nguvu, na likizoni hakuna uji wa shule. Apate kitu asubuhi kabla ya kutoka, hata kama ni uji na kiporo cha viazi.

Turudi kwenye maji, kwa kuwa kuzama siyo hatari yake pekee. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, kichocho kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyofundishwa redioni na katika vikundi vya wasomaji, na bado tunacho. Mtu mwenye kichocho akikojoa au kwenda haja majini, mayai ya minyoo huanguliwa humo, vijidudu vikaingia ndani ya konokono, na baada ya wiki kadhaa vikatoka vingi mno vikitafuta mtu. Hupenya kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu. Hutoka kwa wingi mchana jua linapowaka, saa zile zile ambazo watoto huona raha kuogelea. Kwa hiyo mkojo wa mtoto mmoja lamboni unaweza kuwa ugonjwa wa wenzake wote. Wafundisheni kwenda chooni kwanza. Maji ya lambo yakilazimika kutumiwa kwa kuogea, yachoteni bila konokono, yawekeni ndani ya pipa lililofunikwa kwa siku mbili, vijidudu hivyo vitakuwa vimekufa. Msiyanywe bila kuyachemsha, maana yana magonjwa mengine.

Na mtoto akizama? Usijitupe majini kama hujui kuogelea, mara nyingi mwokoaji naye hufa. Mrushie kamba au dumu tupu lililofungwa, au mnyooshee mti mrefu. Akitolewa bila kupumua, usimning'inize kichwa chini wala usimkande tumbo ili maji yatoke. Unapoteza dakika ambazo anahitaji hewa. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu chake, mzibe pua, mpulizie kinywani pumzi tano, kila moja mpaka uone kifua kimeinuka. Asipopumua, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka mara 30, kisha mpulizie pumzi mbili, na uendelee hivyo huku wengine wakitafuta usafiri. Hata akizinduka apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwani mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumletea taabu baada ya saa kadhaa.

Majeraha ya mchezo yaoshwe mara moja kwa maji mengi safi na sabuni. Usipake kinyesi cha ng'ombe wala majivu. Aliyechomwa na msumari aende zahanati kwa ajili ya pepopunda.

Kama mtoto wako aliogelea likizoni hata baada ya juhudi zote hizo, usimchape mpaka akaogopa kusema. Mwulize kwa upole ni wapi na lini. Mkojo wenye damu siyo dalili ya kubalehe, kama wavulana wanavyodanganyana, na kichocho cha tumbo huweza kuleta maumivu na kinyesi chenye damu. Ukiona dalili hizo nenda zahanati bila kusubiri. Akiwa hana dalili, kupima siku ya pili yake hakutaonyesha kitu, kwa sababu minyoo huchukua wiki sita hadi nane, au zaidi, kabla ya kutaga mayai yanayoonekana kwenye darubini. Aliyeogelea mwezi wa Juni apelekwe kupimwa mwezi wa Septemba. Akikutwa na ugonjwa atapewa vidonge vya prazikwanteli kulingana na uzito au urefu wake, na avimeze akiwa amekula.