Tiba ya Goti Bila Kisu

Aghalabu mtu aambiwapo kuwa gegedu la goti lake limelika, wazo la kwanza limjialo ni upasuaji. Wako wanaouza hata mifugo ili kuugharamia. Je, kisu ndicho dawa pekee?

Gegedu ni tabaka telezi linalofunika ncha za mifupa ya paja na muundi zinapokutana. Halina mishipa ya damu, bali hulishwa na ute wa kiungo. Mguu ukanyagapo, gegedu hubinywa mithili ya sifongo. Uinukapo, hufyonza ute wenye lishe. Mfupa ulio chini yake una damu, na ukijeruhiwa huhitaji kupunguziwa mzigo ili upone. Hapa ndipo penye ugumu: gegedu hutaka mwendo, mfupa hutaka pumziko.

Kwa kijana ambaye mifupa yake ingali inakua, kidonda cha mfupa na gegedu mara nyingi hupona akiacha kukimbia na kuruka kwa miezi kadhaa, mradi kipande hakijabanduka. Kwa mtu mzima, hali ni nyingine. Mnamo 1743, tabibu William Hunter alieleza kuwa gegedu likishaharibika halirudi. Hata hivyo, maumivu yaweza kupungua ijapokuwa gegedu halijarudi. Mgonjwa aketi kitini, aunyooshe mguu, auzuie kwa sekunde chache, kisha aushushe taratibu. Msuli wa paja ukipata nguvu, hulisaidia goti kubeba mzigo. Aidha, kwa mtu mnene, kila kilo apunguzayo huliondolea goti mzigo wa takribani kilo nne katika kila hatua.

Utafiti uliofanywa Houston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2002, uliwagawa wagonjwa 180 wenye magoti yaliyolika katika makundi matatu. Kundi moja lilikwanguliwa gegedu, la pili likaoshwa goti, la tatu likachanjwa ngozi tu. Kwa muda wa miaka miwili, makundi mawili ya kwanza hayakupata nafuu kulishinda la tatu.

Hii haimaanishi kwamba upasuaji hauna kazi. Goti linalokwama kwa kipande kilichobanduka, au lililochakaa kabisa, humhitaji daktari mpasuaji. Wengineo na waanze kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwani mwenda pole hajikwai.